Kutoka Piana-Mwanga hadi Kalemie: kupanga nyumba pamoja bila kufikishana kwa shefu wa mtaa

Jina la Piana-Mwanga linajulikana katika jimbo la Tanganyika kwa sababu ya maporomoko ya mto Luvua na mitambo ya umeme iliyojengwa pale katika miaka ya 1930. Kampuni ya Wabelgiji, Géomines, ndiyo iliyoijenga, ili umeme ufike kwenye machimbo ya kasiteriti ya Manono, kilomita zinazokaribia 90 kutoka hapo. Vita vya mwisho wa miaka ya 1990 viliinyamazisha mitambo hiyo, na kazi za mshahara zilizotegemea umeme huo zikapotea pamoja nayo. Kijana wa eneo hilo anayetafuta chuo kikuu, kazi au biashara yenye kusogea mbele hulazimika kufunga mizigo. Ataenda Manono, au ataendelea hadi Kalemie, mji mkuu wa jimbo, kando ya ziwa Tanganyika.

Kule anakofika hana nyumba. Akiwa na mjomba au dada aliyeolewa mjini, atapokelewa kwa siku za kwanza. Lakini nyumba ya mjomba nayo imejaa, na mwaka wa masomo ni mrefu. Mwishoni, wengi hufanya kama wenzao walivyofanya mbele yao: watu wawili, watatu au wanne wanaunganisha feza na kupanga nyumba moja. Hali ni hiyohiyo kwa wanaoelekea upande wa pili: mwalimu au muuguzi anayetumwa kijijini, mnunuzi wa madini, mchimbaji aliyetoka teritware nyingine. Nao hukuta nyumba chache na kujibanza pamoja na watu wasiowajua.

Maisha hayo yana faida kubwa. Feza ya nyumba inagawanyika, chungu ni kimoja, na mtu akiugua usiku kuna wa kumbeba. Lakini yakivunjika, hasara ni kubwa vilevile. Mwanafunzi anayetoka kwa ugomvi katikati ya mwaka, na garanti yake ikabaki mikononi mwa mwingine, anaweza kurudi kijijini bila kufanya mitihani. Mzazi aliyeuza mihogo au mbuzi ili mtoto asome, amepoteza mwaka mzima kwa sababu ya sufuria isiyooshwa na deni lisiloandikwa.

Wanaitana ndugu, na hapo shida inaanza

Sababu ya ugomvi huo mara nyingi si chuki. Watu wanaoishi pamoja huitana ndugu, yaya, kaka, na tangu siku ya kwanza wanafuata sheria za ndugu. Kati ya ndugu, feza haihesabiwi. Kati ya ndugu, mtu haulizi nani alinunua chumvi wala nani alimaliza sabuni. Kuuliza ni kuonekana mchoyo.

Nyumbani kwa wazazi sheria hiyo inafaa, kwa kuwa kuna baba na mama wa kuamua, na anayekula sana leo ndiye atakayelima sana kesho. Katika nyumba ya kupanga hakuna mzazi. Mmoja anatumiwa feza na familia kila mwezi, mwingine anangojea siku ya kuuza samaki, wa tatu haijulikani atapata lini. Wakinyamaza kwa heshima, yule anayelipa zaidi anaanza kuhesabu moyoni. Baada ya miezi minne hesabu hiyo inatoka mdomoni kwa siku moja, tena kwa matusi, na mbele ya majirani wote wa parsele.

Waswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wasio wa damu moja wanahitaji kusema mambo ya feza mapema, wakiwa bado wanapendana. Kufanya hivyo ni kuheshimiana kwa namna inayoifaa nyumba ya aina hiyo.

Garanti ni ya nani?

Jambo la kwanza la kusema ni garanti. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo inayohusu kupanga nyumba za kukaa. Sheria hiyo inasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa haipaswi kupita feza ya miezi 3. Hata hivyo, kuna wenye nyumba wanaodai miezi 6 au zaidi, na mpangaji mwenye haraka hulipa bila kuuliza. Kujua kiasi kinachoruhusiwa kunampa mtu nguvu ya kujadiliana, hata kama hatakwenda mahakamani.

Kwa watu wanaopanga pamoja kuna swali lingine ambalo sheria haiwajibii. Chukua mfano wa vijana watatu wanaopanga nyumba ya dola 30 kwa mwezi. Garanti ya miezi 3 ni dola 90, na kila mmoja anatoa 30. Lakini karatasi ya mapatano na mwenye nyumba imeandikwa kwa jina la mmoja tu, yule mkubwa aliyeitafuta nyumba. Mbele ya mwenye nyumba, dola 90 zote ni za huyo mmoja. Wenzake wawili wakitoka, hawana chochote cha kuonyesha.

Dawa yake ni nyepesi. Majina yote yaandikwe kwenye karatasi ya mapatano. Mwenye nyumba akikataa, wapangaji waandike karatasi yao wenyewe: nani ametoa kiasi gani, siku gani, mbele ya shahidi gani, na kila mmoja aweke sahihi. Waandike pia atakachofanya mtu anayeondoka kabla ya wakati. Kanuni isiyoumiza mtu ni hii: anayeondoka anatoa habari mwezi mmoja mbele, anatafuta mtu wa kuchukua nafasi yake ambaye wenzake wanamkubali, na mtu huyo mpya ndiye anamrudishia garanti yake. Hivyo wanaobaki hawadaiwi feza ambayo iko mikononi mwa mwenye nyumba.

Kabla ya kuingiza godoro, ni vizuri pia kuandika hali ya nyumba pamoja na mwenye nyumba: mlango usiofunga, bati lenye tundu, ukuta wenye ufa. Siku ya kutoka, ufa wa zamani unaweza kuhesabiwa kama kosa la mpangaji, na garanti ikakatwa. Ugomvi kati ya mpangaji na mwenye nyumba ukishindikana kumalizika kwa maneno, ofisi ya Habitat husikiliza pande zote mbili kabla mambo hayajafika mahakamani.

Aliyeko porini analipa?

Katika eneo la Manono na Piana-Mwanga kuna swali ambalo wanafunzi wa miji mikubwa hawalijui sana. Mchimba madini anapanga nyumba na wenzake, kisha anakwenda kwenye machimbo na kukaa huko miezi 2. Mfanyabiashara anafuata samaki au mahindi, na barabara inamchelewesha wakati wa mvua. Wanaobaki nyumbani wanasema: hakulala hapa, lakini mizigo yake imejaa chumbani. Yeye anasema: sikula kwenu, sikutumia maji yenu, kwa nini nilipe?

Wote wana ukweli, ndiyo maana jambo hilo linapaswa kugawanywa sehemu mbili. Feza ya nyumba inalipia nafasi. Chumba kinamngoja hata akiwa mbali, na mwenye nyumba hapunguzi kitu kwa sababu mtu mmoja amesafiri. Hiyo anailipa, na ni bora aiache kabla ya kuondoka au aitume kwa simu. Chakula, makala, maji na sabuni vinalipwa na wale wanaovitumia. Hivyo hapaswi kudaiwa. Wakikubaliana hivyo siku ya kwanza, anayerudi kutoka porini hakuti godoro lake nje.

Chungu kimoja au vitatu

Chakula ndicho kinachokusanya watu, na ndicho kinachowatenganisha. Bukari ya watu watatu inatumia makala kidogo kuliko bukari tatu za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kupika pamoja kunaokoa feza. Lakini kunataka mpango: kila mmoja anatoa kiasi gani kwa juma, nani anakwenda soko, nani anapika siku gani, na nani anaosha vyombo. Anayepika asioshe, hapo kila mmoja anapata sehemu ya kazi na sehemu ya kupumzika.

Jambo moja linafichwa mara nyingi. Nyumba ikiwa na wavulana na msichana mmoja, dada yao au binamu yao, kazi yote inamwangukia yeye. Anachota maji, anatwanga sombe, anapika, anaosha, kisha anafungua daftari la masomo saa nne za usiku, akiwa amechoka na tochi ikiwa imeanza kufifia. Wenzake wanaona kwamba ndivyo desturi. Lakini naye alitumwa na wazazi kusoma, na naye alitoa sehemu yake ya feza. Zamu inayomhesabu kila mtu inamhesabu pia kaka.

Na anayeshindwa kuchangia juma fulani? Asinyamaze, tena asile kwa kujificha. Aseme mapema, kiasi chake kiandikwe kama deni, au alipe kwa kazi: achote bidoni za maji za wote, aoshe nyumba. Nyumba inayokubali kulipwa kwa mikono haimfukuzi maskini, na haimfanyi mwenye feza ajisikie kwamba anaibiwa.

Vitu vya mtu mmoja vinavyotumiwa na wote vinahitaji neno lake. Paneli ndogo ya jua ni mfano mzuri. Mmoja ameinunua, lakini simu tano zinataka kujazwa, na wageni wanaleta zao. Betri ikifa baada ya miezi michache, nani atanunua nyingine? Wengine huamua kwamba mwenye paneli hatoi feza ya makala, na badala yake taa na simu za wenzake zinajazwa bure. Wengine huchanga kidogo kila mwezi kwa ajili ya betri. Njia zote mbili ni nzuri, mradi zimesemwa.

Choo ni jambo la uhai

Katika parsele nyingi, choo kimoja kinatumiwa na nyumba mbili au tatu. Kila mtu anangojea mwingine asafishe. Watu hulichukua jambo hilo kama la adabu tu, lakini Kalemie ni mojawapo ya miji ya mashariki mwa Kongo ambako kolera hurudi mara kwa mara. Ugonjwa huo unapita kwenye maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa choo, na unaweza kumwua mtu mzima kwa muda wa saa chache akikosa kurudishiwa maji mwilini.

Kwa hiyo zamu ya choo inastahili kuandikwa ukutani kwa jina na siku. Karibu na mlango wake kuwe na maji na sabuni, au majivu sabuni ikikosekana. Maji ya kunywa yawe na chombo chake chenye kifuniko, na kikombe cha kuchotea kisiwe kile ambacho kila mtu anakinywea. Mmoja akianza kuharisha maji mengi, wenzake wasingoje asubuhi wala wasimwonee haya: wampe maji yenye chumvi na sukari ya dukani kwa madawa na kumpeleka kwenye kituo cha afya.

Hapo ndipo inapojulikana kama nyumba ina jambo lingine muhimu: namba za simu za familia ya kila mmoja. Watu wanaweza kulala chumba kimoja mwaka mzima bila kujua jina la kijiji cha mwenzao wala namba ya mama yake. Siku ya ugonjwa mzito wanabaki wakitazamana. Namba mbili kwa kila mtu, zikiandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la nyumba, zinatosha.

Mgeni wa mmoja ni mzigo wa wote

Jambo gumu kuliko yote ni mgeni. Mdogo wa mmoja anafika kutoka kijijini bila kupiga simu, na gunia la unga kichwani. Hakuna anayeweza kumwambia arudi. Desturi ya kupokea watu ina mizizi mirefu katika Tanganyika. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipokuwa makali mwaka wa 2016 na 2017, mamia ya maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao. Wengi waliingia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, lakini wengi pia walipokelewa na familia ambazo zenyewe hazikuwa na nafasi. Walilala sebuleni, wakala kwenye sahani za wenyeji, bila tarehe ya kutoka. Bila moyo huo, watu wengi zaidi wangepotea.

Lakini katika nyumba ya kupanga pamoja, anayempokea mgeni anatoa pia kitu kisicho chake: usingizi wa mwenzake, maji ya mwenzake, nafasi ya mwenzake. Methali inayosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haimfukuzi mtu. Inampa hesabu na kazi. Nyumba inaweza kuitumia hivyo. Mgeni wa siku tatu anapokelewa na wote bila kuulizwa. Akipita hapo, mwenye mgeni anaongeza sehemu ya chakula na maji. Akipita mwezi mmoja, wote wanakaa pamoja na kuamua: ama anakuwa mpangaji anayechangia feza ya nyumba, ama anatafutiwa mahali pengine. Aliyekimbia vita au msiba anahesabiwa kwa namna nyingine, lakini naye anazungumzwa na wote, ili huruma isiwe kazi ya mtu mmoja.

Wageni wa usiku wana sheria yao. Mchumba wa mmoja akilala katika chumba cha watu wawili, mwenzake hana pa kwenda. Wasichana wanaoishi pamoja wana sababu ya ziada ya kukubaliana mapema: mwanaume anayejulikana na mmoja tu anaingia mahali ambapo wengine wanalala. Wengi huamua kwamba wageni wanapokelewa nje au sebuleni, na saa fulani ya usiku mlango unafungwa.

Lugha ya mezani

Nyumba ya kupanga hukusanya Mluba, Mtabwa, Mholoholo, Mhemba, Mtwa, na mwingine aliyetoka Kivu. Majeraha ya vita hayajapona yote. Wawili wakizungumza lugha ya nyumbani mbele ya wa tatu asiyeisikia, kisha wakicheka, huyo wa tatu atafikiri kwamba ndiye anayechekwa, hata kama walikuwa wakizungumza juu ya mbuzi. Neno la zamani kuhusu kabila lake litamrudia, na ugomvi wa sufuria utageuka ugomvi wa kabila. Hapo hata shefu wa mtaa hupata shida kuuzima.

Kiswahili kiko pale kwa kazi hiyo. Kila mmoja ana haki ya kumpigia mama yake simu katika lugha ya mama. Lakini mambo ya nyumba, mezani na kwenye kikao, yasemwe katika lugha ambayo wote wanaisikia. Na atakayekosa, akosolewe kwa jina lake na kosa lake. Kusema ulisahau zamu yako ya choo kunatengeneza. Kusema ninyi watu wa kule ndivyo mlivyo kunabomoa.

Daftari la kurasa chache

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ndiyo maana nyumba inahitaji pia siku ya kusema. Nusu saa mwishoni mwa mwezi, siku ileile ya kukusanya feza ya nyumba, inatosha. Kila mmoja anasema kilichomwudhi, deni zinasomwa, zamu zinabadilishwa. Aliyekasirika siku ya Jumanne anajua kwamba siku yake ya kusema inakuja, na hana haja ya kupeleka maneno kwa majirani. Wakishindwa kusikilizana, wamtafute mtu mmoja ambaye wote wanamheshimu, kama mzee wa parsele au nyumbakumi, kabla ya kufika mbali zaidi.

Mambo yote hayo yanaingia katika daftari moja la shule: garanti na majina, feza ya kila mwezi, zamu za kupika, maji na choo, sheria ya wageni, deni, namna ya kuondoka, na namba za simu za familia. Daftari linunuliwe kwa feza ya wote, likae mahali ambapo wote wanalifikia, na kila mmoja atie sahihi kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuingiza godoro lake. Anayekataa kutia sahihi siku hiyo, wakati hakuna deni wala neno baya bado, amewaonyesha wenzake mapema namna watakavyoishi naye.